Gari ikichemsha, msikimbilie kung'oa themostati

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na wenye magari ya zamani wa Unguja na Pemba, hasa wale ambao gari zao zimefungwa injini isiyo yake: Land Rover za miaka ya 1960 na 1970 zilizowekewa dizeli ya Toyota, Morris Minor zilizopewa injini ya Datsun, na nyengine za namna hiyo. Gari hizi zinachemsha, na dawa inayotolewa gereji nyingi ni moja tu, ng'oa themostati, yaani ile vali ya maji inayofunguka kwa joto. Isiposaidia, nunua rejeta kubwa. Dawa ya kwanza mara nyingi huzidisha ugonjwa, na ya pili hula pesa za mtu kabla hajajua gari inaumwa nini.

Tuanze na hiyo themostati. Katika injini nyingi za Toyota themostati ina sahani mbili. Ya juu hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta maji yakishapata moto. Ya chini, wakati huohuo, huziba njia ya mkato inayoyarudisha maji ndani ya injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu kubwa ya maji inazunguka humo humo bila kuiona rejeta. Barabara tambarare hutajua. Ukianza kupanda vilima vya Pemba umebeba abiria na mizigo, mshale wa geji ya joto unapanda na wewe.

Kuipima ni kazi ya robo saa. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, pamoja na kipimajoto. Yenye chapa ya 82 ianze kuachama karibu na nyuzi 82, na ikifika 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Isipofika hapo, nunua nyengine ya injini iliyofungwa, si ya injini ya asili ya gari. Wakati wa kuirudisha, kile kitundu chenye kipini kinachocheza kikae juu, maana ndicho kinachotoa hewa.

Kabla ya kufungua nati yoyote, hakikisha kwanza kuwa gari inachemsha kweli. Geji ya zamani ya Uingereza ikiunganishwa na sensa ya Toyota husema uongo, kwa sababu ukinzani wa sensa haulingani na ule geji iliotengenezewa. Dalili nyengine ya uongo: ukiwasha taa kubwa, mshale unaruka. Hapo tatizo ni waya wa ardhi baina ya injini na bodi, ambao husahaulika sana injini inapobadilishwa. Tafuta kipimajoto cha bunduki cha mafundi (kile cha kupimia homa hakifai, kinaishia chini sana), bandika kipande cha tepu nyeusi kwenye nyumba ya themostati, kwani chuma kinachong'aa hupotosha kipimo, kisha pima hapo, mpira wa juu wa rejeta na mpira wa chini.

Vipimo hivyo vitatu vinasema mengi. Juu 95 na chini 93 maana yake maji yanapita lakini rejeta haitoi joto: upepo haupiti, au mapezi (vibati vyembamba baina ya mirija ya rejeta) yamekufa. Juu 100 na chini 60, rejeta inapoza vizuri lakini maji yanatambaa: mirija imeziba, pampu imechoka, au mpira wa chini unanywea injini ikikanyagwa mafuta, kwa kuwa ule waya wa springi ndani yake umeoza au haukuwekwa. Kisha pitisha kipimajoto kwenye uso wote wa rejeta. Mstari wa baridi katikati ya moto ni mirija iliyoziba.

Saa ya kuchemsha nayo ni ushahidi. Inachemsha kwenye foleni ya Darajani na kupoa ikishika njia ya Bububu? Shughulikia feni. Inakwenda vizuri mjini na kuchemsha kwenye mwendo? Shughulikia mzunguko wa maji na rejeta yenyewe. Inapanda dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi? Hewa imenasa, themostati imekwama, au gasketi ya hedi, ile inayoziba baina ya hedi na bloku, imeungua.

Upande wa feni ndiko injini za kupandikiza zinakoharibikiwa zaidi. Injini mpya haikai pale ilipokaa ya zamani. Feni inaangukia juu sana au pembeni, nusu ya rejeta haipati upepo, na lile kava la kuzunguka feni limetupwa kwa kuwa halikuenea. Bila kava, feni inavuta hewa ya moto ya injini badala ya hewa ya mbele. Mchongeni kava la bati: nusu ya upana wa panga la feni iwe ndani ya kava, nafasi baina ya ncha ya panga na kava iwe milimita 12 hadi 25, na feni isiikaribie rejeta chini ya milimita 25. Zibeni kwa mpira au sponji mianya yote iliyo ubavuni na juu ya rejeta, kwani upepo ukipata pa kupenya pembeni haupiti kwenye mapezi.

Kama feni ina koplingi ya mafuta, zima injini, iache ipoe kidogo, kisha izungushe kwa mkono. Ikiendelea kuzunguka yenyewe mizunguko kadhaa, imekwisha. Kama ni ya umeme, shika karatasi mbele ya grili: inapaswa kuvutwa. Ikisukumwa, waya zimegeuzwa, na gari ikitembea feni inapigana na upepo wa barabara. Na aliyebadilisha mpangilio wa mikanda aangalie pampu ya maji haizungushwi kinyume. Inatokea, na hakuna rejeta inayoweza kulitibu hilo.

Sasa hewa. Boneti ya gari ya zamani iko chini, na injini mpya huwa ndefu, kwa hivyo mdomo wa rejeta unakuwa chini kuliko nyumba ya themostati. Hewa inajikusanya juu ya hedi, sensa inakaa kwenye mvuke, na geji inaonyesha salama huku hedi inaungua. Wekeni mdomo wa kujazia kwenye mpira wa juu, mahali palipo juu kuliko pote. Mkijaza, nyanyueni mbele ya gari, fungueni hita kama ipo, mimineni polepole mkiminyaminya mipira, na muiache injini iungurume mpaka themostati ifunguke na mapovu yakome.

Kifuniko cha rejeta kinadharauliwa sana. Gari nyingi za Uingereza za zamani zilikuja na cha 7 psi (kipimo cha shinikizo), ambacho kinaruhusu maji matupu yafike kama nyuzi 111 kabla ya kuchemka. Toyota ilikusudiwa 13 psi, yaani 0.9 bar, na hapo maji yanafika 119. Kifuniko cha zamani kwenye injini mpya kitatapika maji wakati injini haijafika kwenye hatari yoyote, kisha upungufu huo wa maji ndio unaoichemsha kweli. Lakini msifunge cha 13 kwenye rejeta ya kale kabla fundi rejeta hajaijaza upepo wa 15 psi ndani ya pipa la maji na kuona lehemu inastahamili.

Tukija kwenye maji yenyewe, tunasema bila kuficha: maji ya kisima ndiyo yanayoua rejeta visiwani kwetu. Visima vingi vya pwani na vya maweni vina chokaa, na vyengine vina chumvi. Tazama ndani ya birika lako la chai: ule ukoko mweupe ndio huohuo unaoganda ndani ya mirija na kuzunguka silinda, na haupitishi joto. Chumvi ya hewa inamalizia nje. Gusa kwa kidole mapezi ya rejeta ya gari iliyolala Nungwi au Makunduchi, yanakatika kama biskuti na kuacha unga wa kijani. Rejeta ya namna hiyo haivuji, inaonekana nzima, na haipozi kitu.

Tumieni maji safi ya betri (si asidi) au maji ya mvua yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa na mvua ya mwanzo, mkichanganya na kulenti (dawa ya maji ya rejeta) thuluthi moja hadi nusu. Msizidishe kulenti, kwani haibebi joto kama maji. Kazi yake kubwa kwetu ni kuzuia kutu, na injini yenye hedi ya alumini na bloku la chuma inaihitaji sana. Ukoko mwepesi unatoka kwa asidi ya sitriki, gramu 50 kwa lita, injini iwe vuguvugu kwa saa moja, kisha suuza mpaka maji yatoke meupe. Usiilaze humo, inakula alumini. Ukoko mzito ni wa fundi rejeta: afungue tangi la juu na kupitisha ubapa wa chuma kila mrija.

Gasketi ya hedi ina alama yake. Injini ikiwa baridi, iwashe na ushike mpira wa juu. Ukiwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili, wakati maji bado hayajapata moto, moshi wa silinda unaingia kwenye maji.

Na ikiwa yote hayo yako sawa, ndipo rejeta kubwa izungumzwe. Kwa maoni yetu, rejeta ya asili ya Land Rover ya cc 2,286, ikiwa safi na yenye kava, inatosha kwa dizeli ya Toyota iitwayo 3L. Kwa 1KZ, dizeli nyengine ya Toyota yenye turbo, haitoshi, na hedi ya injini hiyo inapasuka upesi ikichemka, kwa hivyo hapo msibane matumizi.

Tunaviomba vyuo vya mafunzo ya amali, cha Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji, vilipe suala hili la injini za kupandikiza saa zake katika ufundi wa magari, kwa kuwa vitabu vya kiwanda havilizungumzi. Na kila anayefunga injini nyengine abandike karatasi chini ya boneti: aina ya injini, nyuzi za themostati, psi ya kifuniko, pampu ya maji ni ya gari gani. Fundi wa Wete au Mkoani atakayeikuta gari hiyo imesimama njiani hana njia nyengine ya kujua akatafute kipuri gani dukani.

Mafundi wa magari ya zamani,
Chake Chake, Pemba.