YAH: Kutozwa fedha za virusi wakati diski ya kompyuta (hard disk) ndiyo mbovu

Morogoro,
12 Februari 2026.

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 20 Novemba 2025 nilinunua dukani kwenu kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika kwa Sh 480,000, ikiwa na waranti ya miezi 6. Risiti ya EFD (mashine ya kodi) ninayo. Muuzaji aliniambia ilitoka kwenye ofisi huko Ulaya na kwamba haijatumika sana. Nilimwamini. Nina stesheneri ndogo karibu na chuo. Nachapa, natoa kopi, na wanafunzi wananiachia kazi zao za miezi mingi.

Jumatatu ya tarehe 19 Januari kioo kiliganda ghafla nikiwa katikati ya kuchapa. Kishale hakisogei, saa ya pembeni imesimama. Nilibonyeza Caps Lock, taa yake haikuwaka. Ctrl+Alt+Delete, kimya. Nikashikilia kitufe cha kuwashia mpaka ikazimika. Ilipowaka ilichukua dakika kama kumi kufika mwanzo, ikafanya kazi nusu saa, ikaganda tena. Hata ilipokuwa hai ilionyesha diski imeelemewa asilimia 100, na mimi nimefungua faili moja tu. Chini ya kiganja nilisikia mlio mdogo: tik, tik, tik.

Nakiri kwamba wazo langu la kwanza lilikuwa virusi, maana kwangu zinaingia flashi za kila mtu. Kwa hiyo nilipima kwa programu ya usalama ya Windows yenyewe: ukaguzi mfupi, kisha ule mrefu uliochukua usiku mzima, kisha ule unaofanyika kabla Windows haijawaka. Hakuna kilichopatikana. Nilisafisha vumbi la feni, nikachomoa printa na kila kitu cha nje. Ikaendelea kuganda.

Yote haya nilimweleza fundi wenu tarehe 21, nikiwa nimepanda basi alfajiri kuja Dar. Hakuandika hata neno moja. Aliiwasha, akaitazama kwa dakika mbili hivi, akasema, "Hii ni virusi, mama. Ni hizo flashi za wanafunzi." Kisha akaniambia waranti haihusu virusi, hivyo nilipe Sh 40,000 za kufomati, yaani kufuta diski yote, na kupiga Windows upya. Nilimwomba anakili kwanza mafaili yangu. Alikataa, eti yataambukiza kompyuta zenu. Faili la maandishi linaweza kunakiliwa kwenye diski ya nje na kupimwa kabla ya kufunguliwa. Hiyo ni kazi ya kawaida ya fundi. Alifuta yote mbele yangu. Tafiti za wanafunzi 7 zilikuwa humo, na nyingine nilikuwa sijazirudisha kwa wenyewe.

Siku nne baadaye, Jumapili, kompyuta ikaganda vilevile. Mlio uleule.

Nilimpelekea fundi wa hapa mtaani. Alichofanya yeye ni kufungua CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma kumbukumbu ambazo diski hujiwekea yenyewe kuhusu hali yake. Ilionyesha rangi ya njano ya tahadhari: kuna sehemu za diski zilizokufa, na nyingine zinasubiri kuhamishwa. Ndiyo sababu ya kuganda. Windows inaomba kusoma sehemu iliyokufa, diski inajaribu tena na tena, na kila kitu kingine kinasubiri. Diski hiyohiyo ilionyesha pia kuwa imewashwa kwa zaidi ya saa 31,000. Hiyo ni zaidi ya miaka mitatu na nusu, usiku na mchana bila kuzimwa. Hapo ndipo nilipoelewa maana ya "haijatumika sana" dukani kwenu. Kipimo chenyewe hakikuzidi dakika tano.

Kwa kuita tatizo virusi, mlilitoa kwenye waranti yenu na kuliweka mfukoni mwangu. Na kama kweli usalama wangu uliwahangaisha, mngeniambia siku ya kununua kwamba kompyuta hii inatumia Windows 10, ambayo Microsoft ilihitimisha msaada wake wa kawaida, yakiwemo masasisho ya usalama, tarehe 14 Oktoba 2025, mwezi mmoja kabla hamjaniuzia. Hakuna aliyenitajia.

Kuna jambo jingine ambalo haliko kwenye risiti. Kwa kuamini maneno ya fundi wenu, nilimfokea kijana mmoja mbele ya wenzake kwamba flashi yake ndiyo iliyoniharibia kazi. Nimemwomba radhi. Kazi yake ni miongoni mwa zile 3 ambazo hazikuweza kuokolewa, kwa sababu Windows mpya iliandikwa juu yake.

Naomba yafuatayo. Nirudishiwe Sh 40,000 nilizotozwa kwa virusi ambavyo havikuwapo. Nilipwe Sh 95,000 nilizonunulia SSD mpya (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) badala ya ile mbovu, kwa kuwa diski iliyokufa ilikuwa ndani ya waranti. Na nipewe maelezo kwa maandishi: fundi alipima nini kabla ya kufuta? Tangu niweke SSD, kompyuta haijaganda hata mara moja, na flashi zilezile zinaendelea kuingia.

Diski ya zamani nimeihifadhi kwenye bahasha pamoja na picha za vipimo, na niko tayari kuileta ipimwe mbele yangu. Nisipopata jibu ndani ya siku 14 nitapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani, nikiambatanisha risiti zote mbili. Namba yangu ya simu mnayo kwenye kadi ya waranti.

Wenu mteja,
Mwenye stesheneri, Morogoro