Mama, kuna bendi nimeipata huku

Mama angu, hujambo? Marahaba ya ile shikamoo ya juzi. Huku tupo, mama yako anakusalimia, sasa ngoja nikwambie kilichoniweka macho jana mpaka saa 7 usiku.

Si unajua zile earphone ulizoacha kwenye droo, nilikuwa nasikilizia kwaya nikapitiwa na usingizi, simu ikaendelea kupiga nyimbo yenyewe, nakuja kushtuka watu wanaimba, nikajua bado ni kwaya ila mbona siwaelewi. Kumbe Kizungu! Ni bendi ya vijana wa Seattle huko Marekani, wanaitwa Fleet Foxes, na albamu yenyewe inaitwa hivohivo, ya 2008. Miaka yote hiyo mi siwajui kabisa.

Sasa ule wimbo wa White Winter Hymnal, anaanza mmoja peke yake anarudiarudia kimstari, mwingine anadakia, na mwingine tena, wanarundikana kama abiria wa daladala saa 12 jioni, af ghafla sauti zote zinapangana ndo ngoma inaingia, du! Na ule mwangwi utadhani wako kanisani halafu kanisa halina watu. Magitaa yao ni yale makavu ya mbao. Mi nimeimba sauti ya nne tangu hujazaliwa, najua ilivyo kazi watu kusikilizana hivo, sisi wenyewe tena mpiga kinanda asipokuja tunapotea mstari wa pili. Na yule anayeongoza, Robin Pecknold, alikuwa na miaka 22 tu ilivotoka, kama wewe sa hivi.

Haya sio zote nzuri, kuna kama mbili tatu huko katikati niliziruka.

Kilichonichekesha ni kava. Wameweka mchoro wa Pieter Bruegel wa 1559, kijiji kizima kila mtu anafanya kioja chake, nikauzoom weee mpaka macho yakauma. Kumbe kila kioja ni methali ya Kiholanzi! Kuna anayegonga kichwa ukutani, kuna anayefukia kisima na ndama keshazama humo, af pembeni kuna jamaa kainama anahangaika na uji uliomwagika, hauzoleki. Nikamwamsha mama yako nikamwambia njoo uone, maji yakimwagika hayazoleki, Wazungu nao wanayo ila wao walimwaga uji. Akaniambia zima taa.

Ila asubuhi nikachomeka kwenye spika nikasikia kuna sauti jana hazikuwepo. Earphone zako sikio la kushoto limekufa bwana, yaani nimekesha na nusu ya bendi. Ukija Krismasi niletee zingine, za waya, hizo za bluetooth zitanipotea. Na uisikilize kabla hujaja, nataka tuijaribu ile ya kudakiana, wewe uanze.

Baba yako