Barua kwa mwanangu: majani yale usiyachome

Mwanangu Juma,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Amani, Usambara Mashariki, tu wazima, ila mvua haijakatika wiki nzima.

Nimeusoma ujumbe wako kuhusu shamba la babu yako. Unasema ardhi inayobeba miti mikubwa namna ile, mitambara, lazima ina rutuba, kwa hiyo tuiangushe, tuchome, tupande mahindi. Babu yako aliwaza hivyo hivyo. Nilikuwa na miaka tisa alipofyeka kipande cha juu. Mwaka wa kwanza mahindi yalimpita kimo. Mwaka wa tatu yalinifika magotini, majani ya njano.

Juma, mahindi yale yalikula majivu. Utajiri wa msitu huu umekaa kwenye miti yenyewe, udongoni kuna kidogo sana. Ukichoma, kalisi, potasiamu na fosforasi hubaki kwenye majivu, naitrojeni hupanda na moshi. Kisha mvua inasomba. Hapa kwetu hunyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na imeusuuza udongo huu tangu enzi na enzi. Wekundu unaouona ni kutu ya chuma, nayo huing'ang'ania fosforasi hata mmea ushindwe kuinyofoa.

Hata Wajerumani walidanganyika na ukubwa wa miti. Miaka ya 1890 walikata misitu ya Usambara Mashariki wakapanda kahawa, na haikuchukua muda ikawashinda.

Msitu wenyewe unaishi kwa kula kilekile tena na tena. Jani likikaribia kuanguka, mti hulinyonya kwanza naitrojeni na fosforasi nyingi, ukazirudisha shinani. Linaloanguka linapokewa na jongoo, mchwa na kuvu. Ukifukua kwa vidole utaona nyuzi nyeupe, nyembamba kama za buibui, zimeshikana na mizizi. Hizo ni kuvu: huupa mti fosforasi, mti huzilipa sukari. Ndiyo maana mizizi mingi imetanda juu juu, chini tu ya majani. Kule Venezuela, kwenye msitu wa Amazon, watafiti walinyunyizia utando wa mizizi kalisi na fosforasi zenye mionzi ili wazifuatilie. Matokeo yalitoka mwaka 1978: asilimia 99.9 ilinaswa palepale, na 0.1 tu ndiyo iliyopenya kwenda chini. Nilipolisoma hilo nilikumbuka kijito kilichotiririka chini ya shamba la babu yako baada ya kuchoma, kilivyokuwa kimekoza rangi ya majivu na udongo. Chakula chote cha msitu ule kilikuwa kinateremka mbele ya macho yetu.

Iliki zetu zilizo chini ya miti nazo zinakula rutuba, sikufichi. Kila gunia tunaloshusha Muheza ni sehemu ya msitu inayoondoka wala hairudi, na mazao hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Kwa hiyo nimeanza kurudisha ninachoweza: samadi ya mbuzi, maganda ya ndizi, majani tunayopogoa. Mitambara nimeiacha ilivyo.

Ukija Desemba, panga liache nyumbani siku ya kwanza. Tutakwenda wote hadi chini ya ule mtambara mkubwa, ufukue mwenyewe. Na tembea taratibu, iliki zimeanza kuchanua, na maua yake yamelala chini kabisa, katikati ya majani makavu.

Mama yako