Mgonjwa wa figo hutengwa na ratiba na kikombe cha chai

Mhariri,

Ugonjwa wa figo ukitajwa gazetini, hoja huwa ni pesa: nani atalipia mashine ya kusafisha damu, na mara ngapi kwa wiki. Tangu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, mazungumzo hayajatoka hapo. Sisi tunaowahudumia wagonjwa hawa jijini Nairobi tunaona na jambo jingine. Mtu hulipiwa mashine vizuri tu, na baada ya miezi michache hana chama cha akiba, hana kwaya, wala jirani wa kumbishia hodi. Wanaotengwa kwa chuki ni wachache. Wengi hutengwa na ratiba na kikombe cha chai.

Kusafishwa damu huchukua takriban saa nne, na wengi hapa huenda mara mbili kwa wiki. Ongeza kungojea mashine, kubana pamba palipochomolewa sindano mpaka damu ikome, kisha msongamano wa Jogoo Road, na siku imekwisha. Jioni hiyo presha huwa imeshuka, misuli inakaza, kichwa kizito. Nguvu hurudi kesho yake. Sasa chama kikiitisha kikao saa kumi na moja jioni siku hiyohiyo, na asiyefika atozwe faini, ikifika faini ya tatu mtu huona haya akanyamaza. Katibu anaandika kwenye kitabu: "amejiondoa kwa hiari".

Basi tukutane Jumapili, watu husema. Anayeingia mashineni Jumatatu na Alhamisi, Jumapili ndiyo mkia wa pengo lake refu zaidi, na maji na potasiamu (madini ya kwenye chakula ambayo figo hutakiwa kuyatoa) vimejaa mwilini kuliko siku nyingine yoyote ya wiki. Jumapili ndiyo pia siku ya chakula baada ya ibada, wageni na soda. Figo zikiacha kutoa mkojo, lita moja aliyokunywa ni kilo moja kwenye mizani. Yakizidi, maji huingia mapafuni na mtu hawezi kulala chali. Kiwango ambacho wengi hupewa ni kama nusu lita kwa siku, kuongeza kiasi cha mkojo alioutoa jana. Kikombe kikubwa cha chai ni mililita 300. Hesabu mwenyewe kinachobaki, ukikumbuka kwamba uji, supu na tikitimaji navyo ni maji. Akikataa kikombe, mwenyeji huona amedharauliwa. Akikataa tena, mwaliko hauji.

Wenyeji wengi hawana nia mbaya, ila hawajui wampe nini. Mpe kikombe kidogo, nusu, bila kumbembeleza aongeze. Viazi vyake vikatwe vipande vidogo, vichemshwe kwenye maji mengi, maji yamwagwe, kisha vipikwe upya kwa maji mengine. Potasiamu nyingi huondoka na yale maji ya kwanza. Sukuma wiki vilevile. Wali mweupe na kabeji havina taabu. Ndizi, parachichi na maharagwe asisukumiwe. Chumvi iwe kidogo, kwa sababu ndiyo inayoleta kiu, na vile vidonge vya kukoleza mchuzi vimejaa chumvi. Ila tafadhali, usimnunulie chumvi mbadala kwa kumhurumia: nyingi hutengenezwa kwa kloridi ya potasiamu, na potasiamu ikizidi moyo unaweza kusimama.

Kuna na mkono. Daktari huunganisha mishipa miwili ya damu ya mkononi, ateri na vena, ili sindano zipate mshipa mpana. Hapo huvimba, na ukigusa unasikia mtetemo. Mkono huo haupimwi presha, hautolewi damu, hauvai saa ya kubana wala hauninginizwi mfuko wa sokoni. Makanga wanaovuta abiria kwa mkono wajue hilo. Wengine huwa na mrija wa kuunganishwa na mashine shingoni au kifuani chini ya plasta, na ndipo majirani wa ploti huanza kunong'ona na kuficha vikombe. Figo kushindwa kufanya kazi hakuambukizi.

Tunaloliona kosa kubwa zaidi ni la harambee. Picha ya mtu amelala, plasta shingoni, inatumwa kwenye makundi matano ya WhatsApp bila yeye kuulizwa. Tangu siku hiyo anakuwa mtu wa kuchangiwa. Simu yake ikilia kwako, unadhani anaomba, huishiki. Muulizeni kwanza ni picha gani itumike, au kama anaitaka kabisa. Naye akitaka kutoa shilingi mia kwa msiba wa mwenzake, zipokeeni na jina lake lisomwe kama ya wengine.

Kazini hesabu ni fupi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, na saba kwa nusu mshahara, kwa mwaka. Kwa siku mbili kila wiki, zote 14 huisha katika wiki ya saba. Mwajiri anayempangia zamu kwa kufuata siku za mashine hubaki na mfanyakazi.

Vyama navyo vinaweza kumaliza haya katika kikao kimoja. Katiba iandikwe kwamba aliye na siku za matibabu zinazojulikana hatozwi faini akituma mchango kwa M-Pesa kabla ya kikao kuanza. Apewe kazi inayofanyika kwa simu, kama kukumbusha wanachama au kuweka hesabu. Mkopo wake upimwe kwa akiba yake, kama wa yeyote. Na zamu yake ya kupokea michango ya wote isisogezwe nyuma eti huenda asilipe. Wengine wamekwisha kula zamu zao kwa pesa zake.

Wauguzi na walezi wa wagonjwa wa figo,
Nairobi