Nimetuma Choo kwa Posta

Leeds, Uingereza
9 Novemba 2025

Mdogo wangu mpendwa,

Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha kuanza barua kwa "natumai u mzima wa afya kama mimi nilivyo huku." Leo nimeiruka sentensi hiyo kwa makusudi, na sababu utaiona mbele. Nisalimie Mama, na wote hapo Shabab, Nakuru.

Kwanza cheka kidogo. Mwezi uliopita nilitimiza miaka 50, na zawadi ya kwanza kuingia mlangoni ilitoka kwa serikali. Naifungua bahasha, nakuta kichupa kisichozidi kidole changu, kifuniko chake kina kijiti chenye vijimeno. Maagizo yana picha kama za mtoto wa chekechea: kinga choo chako kabla hakijagusa maji, kwaruza kwa kijiti, rudisha ndani, funga, andika tarehe, tia katika bahasha yetu, peleka posta. Stempu wamelipa wao. Dada, nilitembea na ile bahasha mkobani kama mtu aliyebeba bangi. Nilipofika kwenye sanduku jekundu la posta nikaangalia kushoto na kulia, nikaidumbukiza, nikaenda zangu mbio.

Wanachotafuta ni damu ambayo jicho halioni. Utumbo mpana huota vinyama vidogo visivyouma, vingine hukaa miaka mingi kisha vikageuka saratani, na njiani huvuja damu kidogo kidogo. Wakiiona damu wanakuita uingizwe kamera, na wengi wanaoitwa hawakutwi na saratani. Mimi majibu yalirudi kwamba sihitaji kuchunguzwa zaidi kwa sasa. Kila baada ya miaka miwili kichupa kitakuja tena, mpaka nifike 74.

Na mimi siumwi popote. Hilo ndilo lililonishangaza miaka yote niliyokaa huku. Barua za hospitali zinakufuata na umri kama mkusanya kodi. Mtoto akitimiza siku tano anachomwa kisigino, tone la damu linakwenda maabara. Mwanamke akikaribia 25 anaitwa kupimwa mlango wa kizazi, na ataitwa mpaka 64. Ukifika 40 unaitwa kupimwa presha, sukari na mafuta ya damu. Baada ya 50 matiti hupigwa picha kila miaka mitatu. Mwanamume wa 65 hupimwa mshipa mkubwa wa damu tumboni, usije ukapasuka. Kule nyumba ya wazee ninakofanya kazi, Oktoba ikifika manesi wanakuja na sindano za mafua. Huchomwa kila mwaka kwa sababu virusi vya mafua hubadilika, ya mwaka jana haitoshi.

Sisi kwetu, hospitali tunakwenda tukiwa tumebebwa. Unamkumbuka Baba. Katika miaka yote niliyomjua alikwenda mara moja tu, 2011, nyuma ya pikapu ya jirani, mdomo umepinda na mkono wa kulia umelala. Presha ilisoma 220 kwa 130. Daktari aliuliza, "Dawa gani anatumia?" Tukatazamana. Hakuna aliyewahi kumfunga kile kitambaa mkononi, kwa sababu hakuwahi kusema anaumwa. Kumbe presha haiumi. Ingekuwa inauma kama jino, Baba angekuwa nasi mpaka leo.

Sasa ile sentensi niliyoiruka. Nilipofika miaka 40 niliitwa huku kupimwa. Sukari ya damu, kwa kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, ilisoma 44. Kwa hesabu yao, 48 ndipo ugonjwa wa kisukari unapoanza, na 42 ni ukingoni. Nesi akaniambia niko ukingoni. Jioni hiyohiyo nilikaa nikawaandikia, "Ninyi hamjambo? Mimi mzima kabisa." Nilidanganya. Niliona aibu, mtu aliyekuja kutafuta pesa za familia aanze kutangaza magonjwa. Nilipunguza ugali, nikaacha vijiko vitatu vya sukari kwenye chai, nikaanza kwenda kazini kwa miguu, dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi, hata theluji ikianguka. Mwaka uliofuata ikashuka hadi 40. Nimenyamaza miaka kumi, ndiyo unasikia leo.

Kwa hiyo usiniandikie tena "Mama ni mzima." Niandikie namba. Uliponipigia Septemba ukasema alipimwa 160 kwa 100, akapewa vidonge vya mwezi mmoja, vikaisha, naye akasema presha imeisha pia. Haikuisha. Dawa ya presha ni kama kuziba paa kwa turubai: ukiondoa turubai, tundu liko palepale. Arudi achukue nyingine, na azinywe hata siku anazojisikia vizuri, hasa siku hizo. Asiache wala asipunguze bila kumwuliza daktari.

Na kuhusu ile mashine ya mjini aliyopimwa nayo Mama, nilitaka kukaa kimya lakini nimeshindwa. Ati ameshika chuma mkononi dakika moja, kompyuta ikatoa karatasi yenye maradhi ishirini na saba, kuanzia ini mpaka "sumu mwilini", kisha akauziwa chupa nne za unga wa majani kwa pesa nilizotuma za karo. Dada, chuma ulichokishika kiganjani hakiwezi kuona ini. Ingekuwa rahisi hivyo, hawa wazungu wasingekuwa wananiomba choo. Kinachoniuma ni kwamba mwanamke huyohuyo anaogopa kurudi kupimwa presha, kipimo cha dakika mbili, ambacho wahudumu wa afya ya jamii wanaweza kumfanyia hapohapo nyumbani. Serikali iliwagawia vifaa mwaka 2023, mikoba yao ina mashine ya presha na ya sukari. Mtafuteni yule wa mtaa wenu, mumkaribishe chai.

Nakuja kwa binti yako. Umesema shuleni wameleta karatasi ya chanjo ya HPV, ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, na hujaitia sahihi, kwa sababu kwenye kikundi cha WhatsApp cha kanisa wanasema inafunga kizazi. Maneno hayo nayajua. Ndiyo yaleyale ya 2014 kuhusu sindano ya pepopunda, wamebadilisha jina la chanjo tu. Sikucheki, maana mama anayeuliza anafanya kazi yake. Lakini nisikilize, kisha uamue.

Virusi vya HPV ndivyo vinavyosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, na vinaambukizwa kwa kujamiiana. Chanjo yenyewe haina kirusi hai ndani yake. Ni ganda tupu, mwili unajifunza sura ya adui kabla hajaja. Ndiyo maana wanachoma mtoto wa miaka 10. Hawamtuhumu, wanamwahi. Kenya ilianza Oktoba 2019. Huku Uingereza walianza 2008 na wasichana wa miaka 12 na 13, na wasichana hao sasa ni wanawake wazima wenye watoto wao. Watafiti waliwafuatilia, wakatoa matokeo 2021: waliopewa nafasi ya kuchanjwa katika umri huo, saratani hiyo imepungua kwao kwa asilimia 87. Na wanazaa, nawaona kila siku wakisukuma vigari vya watoto. Wavulana nao huku wanachanjwa tangu 2019. Kwetu zaidi ya wanawake 3,000 hufa na saratani hiyo kila mwaka, na wewe na mimi tulimuuguza mmoja wao, mamangu mdogo, tukifungua madirisha kwa sababu ya harufu. Tia sahihi.

Ukimaliza kutia sahihi, jiulize wewe mwenyewe umepimwa lini. Una miaka 42. Kenya inataka wanawake wa kati ya 25 na 49 wapimwe, na kipimo chenyewe kinaweza kuwa cha siki. Siki, ile ya kachumbari, iliyochanganywa na maji. Nesi anapaka kwenye mlango wa kizazi na kusubiri kidogo. Sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe. Jibu unalipata kabla hujavaa viatu, na mara nyingi wanaweza kuitibu sehemu hiyo kabla haijawa saratani. Uliza pale hospitali kubwa ya kaunti, ile tunayoiita PGH mpaka leo. Si raha, sikudanganyi. Lakini umezaa watoto watatu, aibu gani umebakiza?

Kaka mkubwa ana 56, na najua anachoogopa kwenye kupimwa tezi dume ni kidole. Mwambie siku hizi wanaanza na damu, kipimo cha PSA. Ila hapa sitakuwa kasuku wa "pimeni, pimeni", kwa sababu hata huku Uingereza hawawaiti wanaume wote kupimwa tezi dume, na wana sababu. PSA hupanda kwa mambo mengi yasiyo saratani: maambukizi, au tezi kuvimba tu kwa uzee. Saratani nyingine za tezi hutambaa polepole kiasi kwamba mtu angekufa na miaka 90 bila kuijua, lakini wakiitibu anaweza kubaki na taabu ya mkojo na ya chumbani. Upande wa pili, huku wanahesabu kwamba mwanamume mweusi mmoja kati ya wanne atapata ugonjwa huo maishani, wakati kwa wanaume wote kwa jumla ni mmoja kati ya wanane. Na baba mdogo alikuwa nao. Maoni yangu ni kwamba akae na daktari, amweleze habari ya baba mdogo, wayapime yote mawili, ndipo atolewe damu. Asipimwe kwa kuburutwa na mkewe, wala asikatae kwa kiburi.

Kuhusu mtoto wa kitinda mimba wetu kule Kakamega, hongera zao! Nimeona picha, kichwa ni cha Baba kabisa. Mke wake ni makini, chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 hatazikosa, kwa sababu mama bado yuko kwenye mwendo wa kliniki. Zinazosahaulika ni za mbali. Surua na rubela ni mara mbili, miezi 9 na miezi 18, na ya 18 watu wanaipuuza kwa kuwa mtoto ameshaanza kukimbia. Na kwa kuwa wako Kakamega, ana haki ya chanjo ya malaria ambayo wewe Nakuru huisikii. Ilianza Homa Bay 2019 na inatolewa kaunti za magharibi zenye malaria nyingi, dozi nne, miezi 6, 7, 9, halafu ya mwisho akitimiza miaka miwili. Hiyo ya nne waiandike ukutani. Chandarua kibaki palepale, chanjo haikitoi kazini.

Na kile kijitabu cha kliniki wakitunze kama hati ya shamba. Nilipoajiriwa huku nesi alitaka ushahidi wa chanjo zangu zote. Unakumbuka Mama alivyofukua sanduku la bati? Kadi yangu ilikuwa imeliwa na mchwa ikabaki jina. Kilichonisaidia ni kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, kwenye mkono wangu wa kushoto; alilitazama, akaandika. Hizo nyingine nilitolewa damu, na za homa ya ini nikachomwa upya mara tatu.

Nimetaja kovu. Siku Mama akianza tena kwamba chanjo ni mambo ya juzi ya wazungu, mpandishe mkono wa gauni. Ana kovu la duara juu ya mkono, kubwa kama senti tano. Ni la ndui. Wewe huna, na binti yako hajui hata neno lenyewe, kwa sababu mwaka 1980 dunia ilitangaziwa kwamba ndui imekwisha. Mama alipokuwa mdogo ndui ilikuwa ikiua watu. Mwulize akusimulie nani alikufa nayo kijijini kwao. Aliwahi kunianzia hadithi hiyo, hakuimaliza.

Rafiki yangu anakuja Nakuru wiki ya pili ya Desemba. Nimempa mashine ya presha, ile ya kufunga juu ya kiwiko, pamoja na betri za akiba. Mama akae dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu isipishane, mkono mezani usawa wa moyo, na watu wote wanyamaze, kaka hasa. Mpime asubuhi na jioni kwa siku saba, uandike kila namba hata isiyokupendeza, umpelekee daktari karatasi. Kwa kipimo cha nyumbani, ikizidi 135 kwa 85 mara kwa mara, tatizo lipo. Karatasi hiyohiyo ipige picha unitumie, hiyo ndiyo itakuwa barua yangu ya Krismasi.

Akikataa, aseme anaona haya kupimwa mbele ya wajukuu, msomee barua hii mwanzoni, pale pa kichupa.

Ni mimi dada yako,
wa Leeds