Barua kwa Musyoka: kabla hujanunua hiyo darubini

Pumwani, Nairobi
Jumapili jioni

Ndugu yangu Musyoka,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi huku wazima, mvua inanyesha inavyotaka yenyewe, na mwenye jengo amepandisha kodi ya kibanda tena bila hata kupaka rangi. Mama yako nilimwona Machakos kwenye harusi ya kina Nduku. Ana nguvu, anacheka, na analalamika kwamba simu zako ni za dakika mbili mbili kama mtu anayepiga kutoka jela. Nimefikisha.

Najua nilinyamaza sana. Hayo tutayazungumza ukija. Ujumbe wako ndio ulionishikisha kalamu, maana umeniuliza mambo mawili na wewe unadhani umeniuliza moja. Umeuliza ufunge darubini gani kwenye ile bunduki ya wenzo (ile inayokokwa kwa kusukuma wenzo ulio chini yake) uliyouziwa na jirani. Halafu ukapitisha tu, nusu sentensi, kwamba kilengeo cha nyuma siku hizi ni ukungu mtupu "lakini kuna wiki inakuwa afadhali". Hilo la wiki afadhali nitalirudia, usidhani utaponea.

Tuanze na bunduki, kwa sababu nakujua: hutasikia kingine mpaka hiyo iishe. (Na babu yako aliyekuwa na upinde na mshale wa sumu angekuona unahangaikia vioo, sijui angesemaje. Mkamba mzima!)

Umesema ni .30-30. Risasi hiyo ilitoka 1895, na mpaka leo watu huko kwenu Pennsylvania wanaangushia kulungu. Ile yenye uzito wa grein 170 (gramu 11) inatoka mtutuni kwa futi 2,200 hivi kwa sekunde. Na kwa kuwa risasi zinapangwa moja nyuma ya nyingine ndani ya bomba chini ya mtutu, ncha zake hufanywa butu, zisije zikagonga fataki, kile kiwashio cha baruti kilicho kitakoni mwa risasi, ya iliyo mbele. Ncha butu inapambana na upepo na mwendo unapungua upesi. Ndiyo maana bunduki hii huhesabiwa kuwa ya yadi 150, au 200 kwa mtu anayejua anachofanya. Na wewe umeniambia mwenyewe kwamba msitu wenu ni mnene, na kutoka pale unapokaa huoni zaidi ya yadi 80.

Sasa, mtu wa yadi 80 anataka darubini ya kukuza mara 9 ya nini?

Wiki iliyopita alikuja dereva mmoja wa watalii, unamjua, yule rafiki wa Baraza. Ameuziwa darubini ya kushika mkononi barabarani imeandikwa 30x60 kwa maandishi makubwa ya dhahabu, na anataka nimrekebishie kwa sababu "haioni jioni". Nikamwambia aishike mbali na uso, aielekeze dirishani, atazame kile kiduara cha mwanga kwenye kioo cha jicho. Kilikuwa kidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Nikampa 8x42 ya zamani ya hapa dukani, afanye vilevile, akaona kiduara kimejaa. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya upana wa lenzi ya mbele kwa idadi ya kukuza. 60 kwa 30 ni milimita 2. 42 kwa 8 ni 5 na kitu. Mwanga unaoingia jichoni ni huo tu, na mboni yako alfajiri inafunguka zaidi ya milimita 2 hata kama umepita hamsini. Hakupenda jibu. Alitaka nimwambie kuna skrubu imelegea.

Hiyo 3-9x40 uliyonitumia picha (inakuza mara 3 hadi 9, lenzi ya mbele milimita 40), ukiikaza mpaka 9 unabaki na milimita 4.4, si mbaya, lakini kwa yadi 100 unaona upana wa futi kumi na nne hivi. Kulungu akipita vichakani utakuwa unatafuta mnyama na unaona gome la mti. Utaishia kuiacha kwenye 3 maisha yake yote, na hapo umelipia nini?

Kuna mengine ambayo muuzaji hatakutajia. Kitako cha bunduki hizi kimeinama chini, kwa sababu kilichongwa kwa jicho linalotazama vilengeo vya chuma vilivyolala juu ya mtutu. Ukiweka darubini, jicho linapanda, shavu linaachana na mbao, unaanza kulenga shingo imening'inia. Itabidi ufunge kipande cha ngozi au povu juu ya kitako. Halafu nyundo: kidole gumba kinakosa nafasi chini ya darubini, unahitaji kile kipini cha kuongezwa pembeni, na kushusha nyundo taratibu kwenye risasi hai kwa kidole kilichobanwa, tena chenye glavu, baridi ya Novemba... mimi hapo sitaki hata kufikiria. Na bunduki yenyewe uzuri wake ni kwamba unaibeba kwa mkono mmoja pale katikati inapolingana uzito, na pale pale ndipo unataka kupandisha dude la gramu 300 na vyuma vyake.

Kwa hiyo mimi, ninayekula kwa lenzi na kulipa karo kwa lenzi, nakwambia usinunue lenzi. Weka kilengeo cha tundu.

Unakijua? Kile kiduara cha chuma kinachofungwa nyuma kabisa, juu ya mwili wa bunduki, karibu na jicho. Shida yako ya sasa ni kwamba kilengeo cha nyuma kiko katikati ya mtutu, na jicho la miaka yetu haliwezi kushika vitu vitatu kwa pamoja: cha nyuma, cha mbele na mnyama. Likishika kimoja, viwili vinayeyuka. Hata la kijana haliwezi, ila lake linaruka upesi kutoka kimoja hadi kingine hata hajui. Tundu linaondoa kimoja kati ya vitatu. Hulitazami, unatazama kupitia ndani yake, nalo libaki ukungu linavyotaka; jicho lenyewe linatafuta katikati. Unaweka shanga ya mbele, kile kitufe cha kilengeo cha mbele, juu ya mnyama, basi. Ziko tundu ndogo za kupigia karatasi, hizo achana nazo, mwituni zinakula mwanga. Chukua pana, milimita 5 hivi, yenye ukingo mwembamba. Na shanga ya mbele iwe nyeupe au ya shaba inayong'aa. Baba mdogo aliyekuwa akibeba bunduki za wazungu wa safari kabla uwindaji haujafungwa hapa Kenya 1977 alikuwa akisema walioingia vichakani kufuata nyati walitaka shanga nyeupe mbele na V pana nyuma, wala hawakutaka kingine kati ya jicho na yule mnyama.

Usishangae ukikifunga risasi ziende chini au juu. Mara nyingi tundu linakaa juu kuliko kilengeo cha zamani, na utahitaji cha mbele kirefu zaidi. Kanuni: cha nyuma kisogeze upande unaotaka risasi iende, cha mbele kinyume chake. Usikate cha mbele kwa tupa kabla ya kupiga karatasi ya kutosha. Tupa hairudishi chuma.

Ila nitakuwa mkweli, lipo jambo moja ambalo darubini inalishinda tundu, nalo ni ile nusu saa kabla ya jua kuchomoza ambayo sheria yenu inaruhusu. Hapo kioo kizuri kinakuonyesha kama ni kulungu au ni mtu ameinama, na nyuma yake kuna nini. Ukiona huwezi kuvumilia mpaka mwanga upande, basi chukua ndogo: 1-4x20, au 2-7x33 na uiache kwenye 2. Iwe na nafasi ya inchi 4 hivi kati ya jicho na kioo, bunduki isije ikarudi nyuma ikakupasua nyusi. Si zaidi ya hapo.

Sasa nirudi kwenye macho yako.

Leo usiku chukua kadi ngumu, itoboe katikati kwa sindano, vua miwani, funika jicho moja, halafu soma maandishi madogo kwenye chupa ya dawa kupitia hilo tundu, taa ikiwa nzuri. Kama maandishi yanatulia na kusomeka, basi kasoro yako ni ya kukusanya mwanga tu, ya umri, na kilengeo cha tundu kitakufaa kwa sababu ni kitu kilekile. Kama hayatulii, Musyoka, usinunue chochote. Si darubini, si tundu, si miwani. Nenda kwa daktari wa macho akufungue mboni atazame nyuma ya jicho.

Na hata kadi ikikupendeza, bado hiyo ya "wiki afadhali". Macho ya uzee hayana wiki afadhali. Yanapungua polepole na hayarudi. Macho yanayopanda na kushuka nimeyaona kwa wateja. Mtu anapima miwani, anailipia, baada ya muda anairudisha akisema fundi ni mwizi. Kumbe ni sukari. Sukari ikipanda kwenye damu, lenzi ya jicho inavuta maji, inavimba, nguvu yake inabadilika. Sukari ikishuka, lenzi inarudi. Miwani ya wiki hiyo haifai wiki nyingine. Hata ukinunua darubini ya bei ya shamba, utazungusha ile pete ya jicho ione vizuri leo, na siku ya kulungu haioni. Na mama yako anameza dawa za sukari, hili si geni kwenu.

Sikutishi. Inawezekana ni uchovu wa zile zamu za usiku, au ni... sijui, mimi ni fundi wa vioo, si daktari. Lakini waambie wakupime ile ya sukari ya miezi mitatu, si ile ya kuchoma kidole tu.

Nijibu haya, moja moja, kwa maandishi, si kwa sauti iliyojaa kelele za gari. Ganda la risasi likitoka, linatokea juu au ubavuni? Kama ni Winchester 94 ya kabla ya miaka ya 1980 linaruka juu, na darubini ya kawaida haina pa kukaa; Marlin 336 inatupa pembeni na mgongo wake ni bapa. Je, juu ya mwili kuna matundu ya skrubu yamezibwa, au ni chuma kitupu? Kuamka usiku kukojoa kumezidi? Kiu je? Shemeji anajua kuhusu macho, au umemficha kama ulivyoficha lile gari? Unaendesha usiku ukiona hivyo? Bima yenu inalipia daktari wa macho? Na ile harambee ya kina Kilonzo umetuma, au niseme nimekutolea mimi?

Nijibu kabla ya msimu kuanza. Hiyo 3-9 kama umeshailipia, irudishe ikiwa bado kwenye boksi.

Wako,
Hamisi