Mlitumia Kalenda ya Aprili Mwezi wa Mei

Barabara ya Dunga,
Kisumu.
14 Mei 2025

Meneja, Huduma kwa Wateja.

Bwana/Bibi,

MINT: KUREJESHWA KWA TOVUTI YETU KUTOKA NAKALA YA TAREHE 9 APRILI BILA KUARIFIWA

Mimi ndiye msimamizi wa nyumba ya wageni yenye vyumba kumi hapa Dunga, na huu ni mwaka wa nne nikikodi nafasi ya seva kwenu. Kila Februari nawatumia Sh8,400 kwa M-Pesa na hamjawahi kunikumbusha. Naandika kuhusu kazi mliyoifanya Alhamisi tarehe 8 Mei saa mbili asubuhi. Kwenye kumbukumbu zenu imeandikwa kuwa imekamilika na tiketi, yaani ombi langu la msaada, imefungwa. Mimi bado naendelea kuilipia.

Nianze na kosa langu, msije mkasema nimelificha. Jumanne tarehe 6 jioni nilibonyeza kusasisha programu-jalizi inayoshughulikia kubuku vyumba. Toleo jipya halikuelewana na WordPress tuliyo nayo, programu inayoendesha tovuti yetu, na tovuti nzima ikawa ukurasa mweupe pe. Sikuogopa sana. Kila Jumapili usiku, wageni wakishalala, huingia kwenye cPanel, paneli ya mteja kusimamia akaunti yake ya seva, nikatengeneza nakala kamili ya akaunti, nikasubiri barua pepe ya kusema iko tayari, kisha nikaipakua kwenye diski ninayoiweka kabatini pamoja na hati ya kiwanja. Mpwa wangu, anayesomea kompyuta Chuo Kikuu cha Maseno, ndiye aliyenizoesha hivyo. Kwa kawaida nakala hiyo hubaki ndani ya akaunti ileile, kwa hiyo seva ikifa vinakufa pamoja. Alinisimulia kituo cha seva kilichoungua Strasbourg, Ufaransa, Machi 2021, ambapo baadhi ya wateja waliteketezewa tovuti na nakala kwa mpigo mmoja. Tangu siku hiyo sijaruka Jumapili.

Basi nakala ya Jumapili tarehe 4 nilikuwa nayo mara mbili, kabatini na kwenye seva: faili moja ya GB 3.1. Nikafungua ukurasa wa nakala rudufu nikitafuta pa kuirudisha. Upande wa kurejesha una milango mitatu tu: folda kuu, hifadhidata (inayotunza maandishi, bei na kalenda), na mipangilio ya kuelekeza na kuchuja barua pepe. Nakala kamili haina mlango. Nilipovaa miwani nikaona maandishi yanayosema wazi kwamba nakala kamili mteja hawezi kuirejesha mwenyewe kupitia paneli. Ni kazi ya mwenye seva. Sawa, limeandikwa, na hivyo ndivyo cPanel ilivyotengenezwa, hilo siwalaumu. Lakini tangazo la kifurushi mlichoniuzia linasema "nakala kila siku, rejesha kwa kubofya mara moja", na hayo si maneno ya cPanel. Ni yenu.

Usiku uleule nikafungua tiketi. Someni wenyewe nilichoandika: faili ya tarehe 4 iko kwenye folda kuu ya akaunti, jina lake ni hili, naomba mtumie hiyo. Jumatano nzima jibu likawa "tunalishughulikia". Alhamisi saa mbili asubuhi ukaja ujumbe: "Tovuti yako imerudi hewani. Asante kwa kuwa nasi."

Nilifungua ukurasa wa mbele, nikaona picha na namba yetu ya simu, nikamshukuru Mungu, nikashuka ufukweni kutafuta ngege wa chakula cha mchana. Hapo ndipo nami nililegea. Sikutazama tarehe. Lakini ni nani hurudishiwa gari lake gereji akaanza kukagua kama ni la mwaka huu?

Ijumaa saa tisa alasiri ndipo nilipopokea barua pepe mbili, za watu wawili wasiojuana, kila mmoja akishukuru kwa kupata chumba namba 4 usiku wa tarehe 31 Mei. Chumba hicho kilikuwa kimechukuliwa tangu mwisho wa Aprili. Nikarudi kwenye tovuti na kuitazama kwa makini. Bei ilikuwa Sh3,200, ilhali tangu Pasaka ni Sh3,800. Baraza kwenye picha ilikuwa bado ya manjano. Tuliipaka buluu Aprili 22. Mlikuwa mmenirudishia nyumba ya mwezi uliopita.

Nawaomba mwelewe maana yake kwa biashara kama hii. Mwaka huu sherehe za Madaraka zinafanyika Homa Bay tarehe 1 Juni, na tangu habari hiyo isambae watu wanabuku vyumba hadi huku Kisumu. Kufikia Jumapili tarehe 4 tulikuwa tumejaa kuanzia tarehe 30 Mei hadi 2 Juni, vyumba vyote kumi. Kalenda ya tarehe 9 Aprili haikujua lolote kati ya hayo. Ilionyesha vyumba vyote viko wazi, kwa bei ya zamani, na ikakaa hewani saa 31 ikiuza kilichokwisha kuuzwa. Watu saba walibuku siku za Madaraka. Watatu kati yao walishatuma amana ya Sh1,500 kila mmoja. Ukurasa mweupe ungenipotezea wateja, kweli, lakini haungemdanganya mtu. Heri mngeuacha mweupe.

Niliifunga fomu ya kubuku papo hapo nikaanza kupiga simu. Mmoja sikumpata. Nilimpigia mara nne, hapatikani. Alikuwa mzee wa kutoka Siaya aliyebuku Alhamisi vyumba viwili kwa usiku wa Ijumaa hiyohiyo, chake na cha wajukuu zake wawili, ili alfajiri wapande ndege ya Nairobi. Saa tatu usiku tuktuk ikasimama langoni. Simu yake ilikuwa imeishiwa chaji njiani. Alikuwa ameandika namba za vyumba, 6 na 7, kwa kalamu nyuma ya bahasha. Namba 6 kulikuwa na wahandisi tangu Jumatano, na nguo zao zilikuwa zimeanikwa dirishani, mzee anaziona. Nikasema, "Mzee, naomba radhi, kompyuta imetukosesha." Akaniuliza kwa upole, "Kompyuta ya nani?" Sikuwa na jibu la kumpa mgeni aliyesimama na mizigo. Niliwapeleka kwa jirani, nikalipa vyumba viwili Sh7,000 na tuktuk Sh300 kutoka mfukoni mwangu.

Kijana wenu niliyezungumza naye Jumamosi alikuwa na adabu, na ndiye aliyenipa ukweli, kwa hiyo msimwadhibu. Alisema nakala zenu za kila siku huruka akaunti yoyote yenye faili zaidi ya 100,000, nasi tulivuka mstari huo Aprili 10. Faili 100,000 zinasikika kama ghala la serikali, lakini si kitu. Kwenye seva yenu kila barua pepe ni faili moja, na barua za miaka minne zimo. Kila picha ya chumba ninayopakia, WordPress huikata vipande vya ukubwa tofauti, kwa hiyo picha moja inakuwa faili tano au sita. Ningeambiwa Aprili 10, ningefuta takataka kwa nusu saa. Paneli yenu ina pahali pa kunitumia tangazo la punguzo la bei kila wiki, lakini kwa siku 28 hakuna aliyenitumia mstari mmoja wa kusema nakala zako zimesimama.

Halafu mtu akachukua nakala hiyo ya Aprili 9, akaimwaga juu ya akaunti nzima. Faili yangu ya tarehe 4, ile niliyowaandikia jina lake, ilikuwa kwenye folda kuu, nayo ikafagiliwa. Barua pepe pia hukaa kwenye folda hiyohiyo. Zote za kuanzia Aprili 9 zikapotea. Nilidhani angalau simu yangu inazo. Kumbe simu hufuata kilicho kwenye seva, na ilipounganika ikazifuta moja baada ya nyingine nikiwa nimeishika mkononi.

Aliyeniokoa ni mpwa wangu na ile diski ya kabatini. Aliifungua nakala kamili kwenye laptopu, akatoa hifadhidata peke yake. Ilikuwa MB 180, na phpMyAdmin, chombo cha kuingizia hifadhidata, kwenu haipokei zaidi ya 50. Akaibana kwa gzip ikashuka hadi 22, ikaingia. Picha na barua akazipandisha kwa FTP, njia ya kutuma faili kwenye seva, usiku kucha, stima ikakatika saa nzima katikati, akamaliza Jumamosi saa kumi alfajiri. Mwanafunzi wa mwaka wa pili, kwa bando za nyumbani, alifanya kazi niliyowaomba ninyi Jumanne. Bado natafuta barua zilizoingia kati ya Jumapili usiku na Alhamisi asubuhi. Hizo hazipo popote, isipokuwa kama mlihifadhi hali ya akaunti kabla ya kuifunika. Hili ndilo swali langu la kwanza, na nalitaka lijibiwe kwa ndiyo au hapana: mliihifadhi? Kama ndiyo, naiomba faili hiyo kabla hamjaifuta.

Pili, nataka mnirudishie Sh7,300 za mzee wa Siaya, ada ya mwaka huu, na gharama za kurudisha amana tatu. Risiti na ujumbe wa M-Pesa nimeviambatisha. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya huduma yenye ubora unaofaa, habari anazohitaji ili afaidi huduma hiyo, na fidia ya hasara inayotokana na kasoro zake. Majina na namba za simu za wageni wangu nazo zimo kwenye seva yenu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inagusa pia uwezo wa kuzirejesha kwa wakati hitilafu inapotokea. Sipendi mambo ya mahakama, lakini sitajifanya sijui.

Tatu, kwa ajili ya wateja wengine: kikomo cha faili kiandikwe penye bei, na mfanyakazi wenu asirudishe akaunti ya mtu kabla ya kumwandikia ni ya tarehe gani na kungoja akubali. Mngeniandikia "tuna ya Aprili 9 tu, tuendelee?" ningejibu hapana kwa dakika moja, na barua hii isingekuwepo.

Nangoja jibu la maandishi kufikia Jumatano tarehe 28 Mei. Pamoja nalo nitumieni msimbo wa kuhamisha jina la tovuti yetu la .co.ke, maana nahamia kwingine hata mkilipa. Na tafadhali msijibu kupitia tiketi ile. Imefungwa, kila nikiandika ndani yake narudishiwa ujumbe wa kuniomba niwape nyota tano.

Wako mwaminifu,

Msimamizi,
Nyumba ya Wageni, Dunga